Vijidudu Visafishavyo Maji Machafu

Kila mtoto wa Buha amemwona mama yake akiloweka mihogo. Mihogo michungu humenywa, hutiwa katika maji, ikaachwa humo siku tatu au nne. Siku ya kwanza huwa migumu kama ilivyotoka shambani. Siku ya nne imekuwa laini, maji yametoa mapovu, na harufu yake imeenea kiwanja chote. Ndipo hutolewa, ikaanikwa juani na kutwangwa, na ule uchungu wenye sumu umepungua sana. Ukiuliza ni nani aliyeilainisha mihogo, wengi watajibu kwamba ni maji. Lakini maji yalikuwa nyumba tu. Waliofanya kazi ndani ya nyumba hiyo ni viumbe wadogo mno, nao huitwa bakteria.

Viumbe wa namna hiyo hufanya kazi nyingine iliyo kubwa kuliko kulainisha mihogo. Husafisha maji machafu ya vyoo, ya mahali pa kuogea, ya majiko, ya hospitali, na hata ya miji mizima. Kama wasingekuwapo, kila mto upitao karibu na watu ungalikuwa shimo la uvundo, na kila choo kingejaa upesi. Katika sura hii tutaona jinsi wafanyavyo kazi hiyo, na jinsi mwanadamu alivyojifunza kuwapa nafasi.

Kwanza tuwajue wenyewe. Bakteria ni mdogo hata elfu moja wakipangwa mstari mmoja, mstari huo hupata urefu wa milimeta moja au mbili tu. Hana mdomo, hana tumbo, hana miguu kama mdudu wa kawaida. Chakula humwingia kwa kupenya ngozi yake. Akishiba hujigawa katikati, wakawa wawili. Wengine walio wepesi hujigawa kila baada ya nusu saa, wengine hukawia siku nzima au zaidi. Mkumbuke neno hilo la wepesi na wavivu, maana litatusaidia mbele.

Si bakteria wote walio rafiki zetu. Kipindupindu huletwa na bakteria, na homa ya matumbo vilevile. Watu wa mkoa wetu wa Kigoma hawana haja ya kufundishwa habari hiyo kutoka mbali. Mwezi wa Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu walikimbia machafuko ya Burundi, wakafika Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Milima iko nyuma yake na ziwa liko mbele, nafasi ni ndogo, na vyoo havikuwatosha hata kidogo. Watu walijisaidia ufukoni, na maji ya ziwa lile lile ndiyo waliyokunywa. Kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua, na watu wapatao 30 wakafa kabla ugonjwa haujazuiwa. Wengine walichukuliwa kwa meli ya Liemba mpaka Kigoma, kisha kwa mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu katika Kasulu. Na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kambi ya Nduta katika Kibondo ilifunguliwa tena ili kuwapokea wengine. Basi pale Kagunga kinyesi kilifika kwenye maji ya kunywa kwa njia fupi, bila kupita mikononi mwa wale vijidudu wasafishaji, na bila kupewa muda. Kazi yote ya kusafisha maji machafu ni kuirefusha njia hiyo.

Sasa, kijidudu husafishaje? Husafisha kwa kula. Kinyesi, mabaki ya ugali, mafuta ya mchuzi, jasho na uchafu wa nguo, vyote hivyo kwetu ni taka, lakini kwa bakteria ni karamu. Nao, kama sisi, hawawezi kukifanya chakula kipotee, hukigeuza. Sehemu moja hugeuka kuwa miili yao wenyewe, maana huzaana. Sehemu nyingine hutoka kama hewa ikapaa zake. Sehemu iliyobaki huwa maji na chumvichumvi ambazo mimea huzipenda. Kile kilichokuwa uchafu kimeondoka majini, si kwa uganga, bali kimegawanywa kama ng'ombe aliyechinjwa: nyama huku, ngozi huku, na mifupa kule.

Bakteria hawa wamegawanyika katika makabila mawili makubwa. Kabila la kwanza hutaka hewa, hasa ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni ambayo sisi pia twaivuta. Kabila la pili huikimbia hewa. Wengine wao hufa wakiguswa nayo. Hao hukaa chini ya matope, ndani ya mashimo yaliyofunikwa, na katika matumbo ya ng'ombe. Mnaweza kuwatambua kwa pua. Chukueni maji ya kuoshea sufuria ya uji, mtie vijiko vichache vya udongo wa bustani. Nusu yake mimineni katika beseni pana, mkoroge kwa kijiti mara kwa mara kila siku. Nusu nyingine jazeni katika chupa yenye shingo nyembamba mpaka juu, mfunike kwa kitambaa tu, wala msikaze kizibo, kwa maana hewa itokayo ndani yaweza kuipasua chupa. Baada ya juma moja nuseni. Maji ya beseni yatakuwa na harufu ya udongo, lakini chupa mtaikimbia, kwa kuwa itanuka kama yai bovu. Uchafu ulikuwa mmoja, bali wafanyakazi walikuwa mbalimbali. Kisha mwageni maji hayo mbali na kisima, mnawe mikono kwa sabuni.

Watu wa zamani walijua kwamba maji machafu yakipita polepole katika udongo hutoka yakiwa safi kidogo, nao walidhani kwamba udongo huyachuja tu, kama chekecheke ichujavyo unga. Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, waliutafuta ukweli kwa njia ambayo mimi naiona ni mfano mwema wa kufikiri. Walichukua bomba refu la kioo, wakalijaza mchanga uliochomwa motoni hata usiwe na kiumbe hai, pamoja na unga wa chokaa. Wakaacha maji machafu yapite ndani yake polepole sana, tone kwa tone. Siku 20 za kwanza maji yalitoka na ile amonia yake, yaani ule ukali unaochoma pua katika choo, kama yalivyoingia. Baada ya siku hizo amonia ikaanza kupungua, na mahali pake ikaonekana chumvi nyingine isiyo na harufu, iitwayo naitreti. Kama ungekuwa mchujo tu, kwa nini mchanga ungengoja siku 20? Basi wakaingiza mvuke wa klorofomu, dawa iwezayo kulaza na kuua viumbe. Mara kazi ikasimama, amonia ikarudi. Mchanga ulikuwa ule ule, lakini waliokaa ndani yake walikuwa wamelala au wamekufa. Kisha wakaiondoa dawa, wakatia maji kidogo yaliyooshewa udongo mbichi, na baada ya muda kazi ikaanza tena. Hivyo ikajulikana ya kuwa chekecheke ile ilikuwa hai.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa Manchester, Uingereza, mabwana wawili walioitwa Edward Ardern na William Lockett walifanya kazi kwenye kituo cha maji machafu cha Davyhulme. Mwaka 1914 walitangaza mambo waliyoyaona. Walikuwa wamejaza maji machafu katika chupa, wakazifunika kwa karatasi nyeusi-nyeusi ili mwanga usiingie, wakapuliza hewa ndani mfululizo. Mara ya kwanza yalichukua majuma yapata matano hata yakawa safi kabisa. Sasa sikilizeni walivyofanya baadaye, maana hapa ndipo pana siri. Maji yalipotulia, tope jepesi la rangi ya kahawia lilizama chini. Mtu mwingine angeosha chupa yake vizuri, akaanza upya. Wao walimwaga maji safi ya juu peke yake, wakaliacha tope ndani, wakajaza maji machafu mengine, wakapuliza hewa tena. Mara ya pili yalisafika kwa muda mfupi zaidi. Wakarudia tena na tena, kila mara wakiliweka lile tope, hata mwisho kazi iliyokuwa ya majuma matano ikamalizika kwa saa chache tu.

Kwa nini? Mlikumbuke lile neno la wepesi na wavivu. Bakteria waigeuzao amonia ni wavivu wa kuzaa; hujigawa kwa siku, si kwa dakika. Ukimwaga tope, umewafukuza wote, ukalazimika kungoja wachache waliosalia wazaane tena. Ukiliweka tope, umeliweka jeshi zima. Lile tope halikuwa taka, bali lilikuwa watu wa kazi wenyewe. Mama zetu hufanya vilevile wanapobakiza maziwa ya mgando kidogo katika kibuyu ili kuyagandisha mapya. Nao wamefanya hivyo tangu zamani bila kumngoja Bwana Ardern. Njia ile ya Manchester ilienea ulimwenguni, na hata leo miji mikubwa mingi husafisha maji yake hivyo.

Lakini njia hiyo ina deni lake. Kabila lipendalo hewa hula kwa nguvu na kuzaa kwa nguvu. Karibu nusu ya chakula walacho hugeuka kuwa miili mipya, basi tope huongezeka kila siku, wala haliwezi kuwekwa lote. La ziada lazima liondolewe, na tope hilo ni zito, lanuka likikaa, na kulichukua ni gharama. Tena kupuliza hewa usiku na mchana kwahitaji mashine na umeme. Mji usiokuwa na fedha wala mafundi wa kutosha hujikuta na mashine iliyosimama na tope lililojaa.

Hapo ndipo kabila la pili, la wakimbiao hewa, lionyeshapo faida yake. Kwa kuwa hawana oksijeni, hawapati nguvu nyingi kutoka katika chakula chao. Nguvu nyingi hubaki katika hewa waitoayo. Kwa hiyo huzaa kidogo, na tope lao ni chache sana kuliko la wenzao. Hufanya kazi kwa makundi yanayopokezana, kama watu wanaopitishiana matofali. Kundi la kwanza huvunja vitu vikubwa, nyama na nyuzi na mafuta, vikawa vidogo. Kundi la pili huvigeuza vidogo hivyo kuwa uchachu, kama ule wa maziwa yaliyolala. Kundi la tatu huula uchachu na kutoa gesi iitwayo methani, ambayo huwaka kwa moto wa rangi ya buluu. Hao wa kundi la tatu ni ukoo wa kale mno, hata wataalamu wa siku hizi hawawaiti bakteria hasa, bali jamaa zao wa mbali. Nao ni wachaguzi. Hupenda joto la nyuzi 35 hivi, hawapendi uchachu ukizidi, na hukasirika mambo yakibadilika ghafula. Katika nyanda za juu kama zetu, ambako usiku ni wa baridi, huenda polepole kuliko pwani. Ndiyo maana nyumba yao hujengwa chini ya ardhi, ambako joto halipandi wala kushuka sana.

Mwaka 1895, katika mji wa Exeter, Uingereza, mpimaji wa mji aitwaye Donald Cameron alijenga tangi lililofunikwa, maji machafu yakae humo kimya, mazito yazame na kuliwa na bakteria wasiotaka hewa. Gesi iliyotoka aliitumia kuwasha taa pale pale. Makaro yaliyo nyuma ya nyumba nyingi za mijini kwetu ni watoto wa tangi lile. Maji huingia upande mmoja, tope huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka upande wa pili na kuzama ardhini, ambako kabila la wapenda hewa huimaliza kazi. Makabila yale mawili, ambayo hayawezi kukaa nyumba moja, hupokezana mlangoni.

Tusiende Ulaya peke yake. Katika Rwanda, nchi isiyo mbali na kwetu, magereza yalijaa kupita kiasi baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Maelfu ya wafungwa walikaa mahali pamoja. Kinyesi chao kilijaza mashimo na kuteremka vilimani, kikihatarisha mito na jirani. Na wakati ule ule majiko ya gerezani yaliteketeza kuni nyingi mno, miti ikazidi kwisha. Taabu hizo mbili zilitibiwa kwa dawa moja. Chuo cha Sayansi na Ufundi cha Kigali, kilichoitwa KIST, kiliyajenga matangi makubwa ya matofali chini ya ardhi, yenye umbo la mzinga wa nyuki wa duara. La kwanza lilianza kazi katika gereza la Cyangugu, karibu na Ziwa Kivu, mwaka 2001. Wafungwa wenyewe walishiriki kuyajenga, wakapata ufundi. Matangi yalianzishwa kwa samadi ya ng'ombe, kwa sababu tumbo la ng'ombe limejaa bakteria wa kabila hilo tayari. Kisha maji ya vyoo yakaingizwa. Gesi ikapelekwa jikoni kwa mabomba, na kuni zikapungua kiasi cha nusu hivi. Uvundo ulikoma, na maji mazito yaliyotoka mwisho yakawa mbolea ya bustani. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden mjini London. Katika Tanzania, kituo cha CAMARTEC kilichoko Arusha kimefundisha ujenzi wa matangi kama hayo tangu miaka ya 1980, hasa kwa wafugaji wenye ng'ombe wa zizini.

Sasa tuitazame njia nyingine isiyohitaji mashine wala matofali mengi, bali yahitaji ardhi na jua. Na vitu hivyo viwili tunavyo. Ni njia ya mabwawa. Maji machafu huletwa kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, meta mbili mpaka tano, ambamo wakimbiao hewa hulila tope chini. Kutoka hapo huingia bwawa la pili, lenye kina cha meta moja na nusu hivi, na maji yake huwa ya kijani. Ukijani huo ni mimea midogo mno ielayo majini. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa oksijeni, nao bakteria wapenda hewa huivuta na kula uchafu. Bakteria hutoa hewa iliyo chakula cha mimea. Basi mmoja humlisha mwenziwe, wala hapana wa kuwapulizia. Mwisho maji hupita mabwawa mafupi ya kina kifupi, na humo jua lenyewe huua vijidudu vingi vya ugonjwa, na mayai ya minyoo, yaliyo mazito, huzama. Safari nzima huchukua majuma kadhaa. Mabwawa ya Dandora, yaliyo mashariki ya Nairobi, ni ya namna hiyo, nayo ni katika makubwa ya Afrika. Moshi, Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam nazo zina mabwawa. Kule Mabogini, chini ya Moshi, wakulima wa mpunga hutumia maji yanayotoka bwawani, maana yana mbolea ndani yake. Hata hivyo maji hayo si ya kunywa, hata yakimetameta. Usafi wa macho si usafi wa tumbo.

Kampala walichagua mawe. Kituo cha Bugolobi kilichofunguliwa mwaka 1940 kilinyunyiza maji machafu juu ya matangi yaliyojaa mawe, yapite polepole katikati yake. Mawe hayachuji kitu. Kazi yake ni kuwapa bakteria mahali pa kushika, wakatanda juu yake kama utelezi, kama ule uutelezao mguu mtoni.

Nasi watu wa nyanda hizi tuna kisafishaji ambacho hakikujengwa na mtu. Mashariki na kusini ya Kibondo kuna mabwawa na vinamasi vya Moyowosi na Malagarasi, vyenye mafunjo na matete yasiyo na mwisho, ambavyo mwaka 2000 vilikuwa sehemu ya kwanza ya Tanzania kuandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo oevu yenye thamani kwa ulimwengu wote. Maji ya mto yaingiapo katika mafunjo hupunguza mwendo, matope huzama, na juu ya kila shina na kila mzizi wamekaa bakteria wanaokula. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiga jambo hilo. Wamejenga vinamasi vidogo vya mkono, vyenye kokoto na matete, baadhi yake katika Iringa, ili kusafisha maji machafu ya shule na vyuo. Mtu apitaye huona shamba la matete tu, wala hajui kwamba chini ya kokoto pana kazi.

Tumalizie na choo cha shimo, kwa kuwa ndicho wengi wetu tulicho nacho. Nacho pia ni nyumba ya bakteria. Mtu alaye ugali, maharage na mboga hutoa kinyesi cha robo kilo hivi kwa siku, yaani kilo 90 kwa mwaka. Watu sita hutoa kilo 540. Lakini kwa mwaka mzima tope linalobaki shimoni ni lita 40 mpaka 60 tu kwa kila mtu, pamoja na karatasi au majani ya kupangusia. Kwa watu sita ni lita 240 mpaka 360. Zilizosalia zimekwenda wapi? Maji yamezama ardhini, na nyingine zimeliwa zikapaa. Fanyeni hesabu hii daftarini: shimo la meta 1 kwa meta 1, lenye kina cha meta 3, likiachwa nusu meta ya juu isijazwe, litawachukua watu hao sita muda gani? Mtaona ni kati ya miaka 7 na miaka 10. Mkilitupia chupa, matambara na mifuko ya nailoni, hesabu hiyo itaharibika, kwa sababu hakuna bakteria wa shimoni alaye vitu hivyo.

Wako watu wamwagao mafuta ya taa chooni, au maji ya betri, au dawa kali za kuulia vijidudu, ili kuondoa harufu na nzi. Harufu yaweza kupungua kwa siku chache, maana wafanyakazi wameuawa. Kisha shimo hujaa upesi zaidi. Dawa ya klorini ni ya maji ya kunywa, na wakati wa kipindupindu waganga waamuru itumike na penginepo. Basi hapo tuwatii. Lakini kwa siku za kawaida shimo halitaki dawa. Jivu kidogo juu ya kinyesi hufukuza nzi, na mfuniko wa tundu hufanya zaidi.

Madukani siku hizi huuzwa pia paketi za unga, nao husemwa kwamba zina bakteria wa kupunguza tope la choo. Je, ni kweli? Wataalamu wa chuo kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizijaribu dawa za namna hiyo katika vyoo vya shimo, wakalinganisha na vyoo visivyotiwa kitu. Hawakuona tofauti ya maana. Wala si ajabu. Kijiko kimoja cha tope la choo kina bakteria wasiohesabika, waliozoea mahali pale. Kuwaongezea wachache kutoka paketini ni kama kumwaga kikombe cha maji katika Malagarasi. Samadi ilisaidia kule Cyangugu kwa kuwa matangi yalikuwa mapya na matupu. Choo kilichotumiwa mwaka mmoja hakihitaji mbegu. Fedha ya paketi ingefaa zaidi kununua saruji ya mfuniko.

Kitu ambacho shimo lahitaji ni muda, na njia nzuri ya kulipa muda ni kuchimba mashimo mawili badala ya moja. Yachimbwe mbali na kisima, meta 30 au zaidi, upande wa chini ya mteremko, na mwisho wa shimo uwe juu ya maji ya ardhini kwa meta moja na nusu angaa. La kwanza hutumiwa mpaka likaribie kujaa, kisha hufunikwa kwa udongo na kuachwa, huku la pili likitumiwa. Katika baridi ya nyanda zetu liachwe miaka miwili kamili. Katika miaka hiyo bakteria huendelea kula mpaka chakula kiwaishie, na vijidudu vya ugonjwa, ambavyo kwao ni wageni pale, hufa. Wa mwisho kufa ni mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo ganda lake ni gumu. Kwa ajili yake ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi huku kwetu. Baada ya hapo shimo hufunguliwa kwa jembe. Kinachotoka ni udongo mweusi, mwepesi, usionuka, nao hufukiwa chini ya migomba, si juu ya mboga zinazoliwa mbichi, na mchimbaji hunawa mikono kwa sabuni kabla hajala.